Niko Fiti, Kocha

"Kifua kinakubana ukipanda ngazi?" Daktari Muriuki aliuliza.

"Hapana, kocha."

"Na huwa hupumziki njiani?"

"Mara tatu!" akadakia Truphosa, mke wa Ivan. "Juzi aliketi kwenye ngazi akasingizia anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba."

Ivan akacheka. "Mama Ella, unanichoma mbele ya kocha?"

Truphosa ndiye aliyemvuta kutoka mtaa wao wa Rågsved hadi kituo hiki cha afya huko Jakobsberg, upande wa pili wa jiji lao la ughaibuni, maana mumewe hakumsikiliza mtu ila kocha wake. Miaka thelathini iliyopita, kabla ya kusomea udaktari, Muriuki alikuwa kocha wa kwanza wa timu ya chuo chao cha ualimu kule Kenya, na Ivan alikuwa beki. Mchezaji aliyelalamika maumivu aliwekwa benchi. Ivan alimaliza fainali akiwa amevunjika kidole cha mguu, asiseme neno, na Muriuki akamsifu mbele ya chuo kizima.

Sasa karatasi ya kipimo cha moyo ilikuwa mezani, na haikuhitaji kusomwa mara mbili.

"Ivan, ndugu yangu, mshipa wa moyo unaziba. Niruhusu niite ambulensi sasa hivi."

"Ambulensi ya nini? Niko fiti, kocha. Ona!" Akasimama, akaanza kukimbia papo hapo, magoti yakipanda hadi kifuani.

"Kaa chini!"

Ilimtoka sauti ile ile ya uwanjani, na Ivan kuisikia tu, akaongeza kasi.

Truphosa akamshika shati. "Baba Ella, nakuomba."

Muriuki alimsihi kwa upole, kisha kwa ukali, kisha karibu kwa machozi. Lakini mtu mzima mwenye akili timamu halazimishwi matibabu. Ivan alimpa mkono, akaahidi kurudi wiki ijayo, akatoka. Truphosa akamfuata na koti lake.

Kutoka dirishani Muriuki aliwaona wakielekea stesheni. Ivan aligeuka, naye akamwona. Akainua dole gumba, akamwacha mkewe nyuma na kuanza kukimbia.

Muriuki akarudi nyuma haraka, akajibanza ukutani asionekane, huenda yule mtu akapunguza mwendo. Akasimama hapo, mgongo ukutani, asithubutu kuchungulia.