Kushoto kwa Nani

Lindsay Pybus hakuwa na gereji. Hakuwa na winchi ya kunyanyulia injini, wala shimo la kuingia chini ya gari, wala kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kilichokatwa na msumeno wa kiwanda cha mbao. Cheti cha umakanika hakuwa nacho. Alikuwa na Morris Minor ya mwaka 1959, turubai ubavuni mwa nyumba, na miaka mitatu ya shule ya jioni mjini Hobart, ambako alianza kujifunza kuchora mashine akiwa na miaka hamsini na mbili.

Majira yote ya baridi aliifanyia kazi ile Morris. Alitoa injini ya zamani akaweka nyingine yenye nguvu karibu mara mbili, na kwa kuwa gari la mbio linataka breki za kulisimamisha, akang'oa dramu za mbele akafunga diski na kalipa, vile vyuma vinavyobana pedi. Kila hatua aliichora. Mhariri wa jarida la chama cha wenye Morris, Bibi Una Direen, alimwandikia kwamba mchoro wa breki ungetoka toleo la Oktoba, jina la Lindsay chini yake. Nakala mbili alikwishawapa wanachama walioshindwa kusubiri. Lindsay hakuwahi kuona jina lake likichapishwa popote.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alilijaribu gari pamoja na jirani yake Cec Tatnell, makanika mstaafu wa malori.

"Profesa," Cec alisema akijibana kitini, "ukiniua, nitakusumbua mpaka huko huko."

"Funga mkanda, mzee. Mdomo nao ufunge."

Walipanda mlima hadi Fern Tree bila gari kuhema. Cec alikiri kuwa injini ilikuwa tamu, akauliza nani aliifunga. Kisha wakageuza na kuanza kuteremka.

Kona ya kwanza pedeli ilikuwa laini. Lindsay aliipiga mara mbili, ikashika. Alimwambia Cec kuwa pedi ni mpya, bado zinazoea. Kona ya pili aliipiga mara nne. Cec alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Kona ya tatu pedeli ilizama hadi sakafuni na haikushika kitu. Mbele yao, katikati ya njia, mwanamke alikuwa akipanda kwa baiskeli, kichwa chini. Lindsay alisukuma gia ya pili, injini ikalia, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote na kuliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo. Mlango wa Cec ulikwaruza mawe kwa urefu wa nyumba mbili kabla gari halijasimama. Yule mwanamke alipita, akainua mkono kuwashukuru kwa kumpisha.

Cec alitokea mlango wa Lindsay, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele.

"Lin, skrubu ya kutolea hewa iko wapi?"

"Chini ya kalipa."

"Na hewa ndani ya mafuta ya breki hukaa wapi?"

Lindsay aliinama kutazama. Hewa hukaa juu. Kwa kuwa skrubu ilikuwa chini, haikuwa imetoka hata kidogo.

"Umezifunga kalipa kinyume. Ya kulia iko kushoto."

Lindsay alisema haiwezekani. Mifuko ya dukani iliandikwa Kushoto na Kulia, naye alifuata mchoro wake.

"Kushoto kwa nani?" Cec aliuliza. "Kwa dereva aliyeketi, au kwako uliyesimama mbele ya gari na penseli?"

Kila makanika anajua kushoto kwa gari ni kushoto kwa aliyeshika usukani. Wanajua hivyo tangu utotoni, ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

Alishuka kwa miguu hadi simu ya kwanza, akampigia Una awazuie wale wawili wenye nakala. Alisubiri nusu saa kwenye kibanda hadi Una alipompigia tena. Mmoja alikuwa hajaanza. Wa pili alikuwa amefunga tayari, na alikuwa anatafuta ufunguo wa gari.

Una alimwambia atume mchoro mpya, na ule wa zamani uondolewe kimya kimya. Cec naye alisema hivyo hivyo: sema umeuboresha, nani atajua?

"Ukimwambia mtu umeboresha, ataendelea kuendesha," Lindsay alisema. "Na hizo nakala mbili, sijui zimezaa ngapi."

Jumatatu asubuhi alihamisha kila kalipa upande wake, akatoa hewa, na pedeli ikasimama ngumu mguso wa kwanza. Akanawa mikono, akaketi mezani. Aliliandikia jarida barua kwamba mchoro wake ni wa hatari, kwamba alichanganya kushoto na kulia, kwamba nusura aue watu watatu, na yeyote mwenye nakala aichane. Aliomba barua ichapwe yote, hapo hapo ulipopangiwa mchoro. Alisita kidogo kabla ya kutia sahihi, kisha akaandika jina lake kamili, kwa herufi zinazosomeka.

Aliramba gundi, akaifunga bahasha, akaibonyeza kwa ngumi. Saa kumi na nusu jioni akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.