Trekta Liwake Kabla ya Saa Nane

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, tunamwita Nimeshasema, maana hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Asubuhi hiyo alisimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi.

"Shemeji, lori la vyuma chakavu linafika saa nane. Trekta la marehemu kaka likiwaka kabla ya hapo, libaki. Lisipowaka, linapanda lori. Nimeshasema."

Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, shamba la chini halijaguswa, na mgongo wangu ulishaachana na jembe zamani. Trekta likienda, msimu huu navuna nyasi. Ndiyo habari yenyewe, haina kona.

Mke wa mwanangu ni fundi wa pikipiki. Trekta lile limemzidi umri mara mbili, lakini alilizunguka kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, akipapasa hapa, akigonga pale. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi. Akachomoa ya pikipiki yake, akaunga nyaya mbili.

"Mama, hii haina nguvu ya kupiga stata, ila ya kutoa cheche inatosha. Injini tutaizungusha kwa hendeli."

"Nani atazungusha?"

Sisi wawili tukamgeukia shemeji.

"Jamani, mimi ndiye ninayeliuza!"

"Basi zungusha uone unachouza," nikamjibu.

Akavua koti huku akinung'unika.

"Dole gumba lilale pamoja na vidole vingine, baba mdogo," fundi wangu akamwonya. "Hendeli ikipiga teke, itakuvunja mkono."

Akazungusha. Kimya. Akazungusha tena, shati limeganda mgongoni. Kimya kama msibani. Mkwe akafungua plagi, akazinusa. Zimelowa petroli. Akairudisha moja kwenye waya wake, akailaza kwenye chuma cha injini.

"Baba mdogo, tena!"

Tukakodoa macho sote. Hata nukta ya cheche hatukuiona.

"Petroli ipo, moto haupo," akasema. Badala ya kukata tamaa, akacheka! "Vizuri. Sasa tunajua mwizi hayuko kwenye petroli, yuko kwenye umeme."

Mimi nikipata kiherehere lazima nitege kitendawili.

"Kitendawili!"

"Mama, sasa hivi?"

"Tega," akajibu shemeji, anahema. Kitendawili hawezi kukiacha kipite.

"Kashiba, kanywa, hasemi."

"Trekta lako hilo! Nipe kigumu, shemeji."

Mkwe hakutusikiliza. Alikuwa ameshashika koili, lile kopo linaloukuza umeme mdogo wa betri uwe moto mkali. Akachomoa waya wake mwembamba, akaugusisha kwenye bodi ya trekta, akauvuta. Tap! Cheche ya buluu ikaruka kwenye ncha ya waya mnene.

"Mmeona? Mmeona?" Akaruka, nami nikaruka, goti likalia. "Koili nzima! Ubaya uko mbele."

Mbele ni kile kikombe cheusi kinachogawa moto kwenye plagi. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Akafungua kifuniko, akachungulia, akaingiza kidole. Kidole kikatoka kinang'aa.

"Nani amemwaga mafuta kwenye platini?"

Nikaanza kukunja ncha ya kanga yangu.

"Siyo kumwaga, mwanangu. Ni matone matatu tu. Ya cherehani. Kila mwisho wa mwezi."

"Kwa muda gani, mama?"

"Tangu msiba. Miaka sita."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji! Umelipaka mafuta kama mtoto mchanga!"

"Nilijua chuma kinapenda mafuta!" nikajitetea. "Cherehani yangu haijawahi kulalamika."

"Platini ni vijichuma viwili, mama. Vinagusana, vinaachana, ndipo cheche inazaliwa. Vikiwa na mafuta, umeme haupiti." Tayari alikuwa anavifuta kwa kitambaa chenye petroli, kisha akavisugua kwa msasa laini. "Nipe kitu chembamba nipimie nafasi yake."

Nikachana jalada la daftari langu la chama cha akiba. Likaingia katikati ya vile vijichuma kwa shida kidogo tu, akasema ndivyo inavyotakiwa. Akafunga, akarudisha plagi na waya.

"Baba mdogo!"

Safari hii hakunung'unika. Alitema mate viganjani. Zungusho la kwanza, likakohoa. La pili, pu! Moshi mweusi ukatupiga usoni. La tatu likakamata: tu-tu-tu-tu! Kuku wakatawanyika, mabati ya banda yakatetemeka, shemeji akatupa kofia hewani akinipigia kelele nisizozisikia.

Lori lilipopiga honi njiani, yeye mwenyewe alitoka mbio, mikono juu, akalirudisha tupu. Dereva alimwuliza kitu; akaonyesha banda kwa vidole vyote kumi.

Mkwe hakuzima. Alilitoa taratibu hadi shamba la chini, akashusha plau, na udongo ukafunguka mweusi, unanukia mvua. Nami nikakimbia nyuma yake, na miaka yangu sabini na mmoja, viatu mkononi, nikipiga vigelegele mpaka mwisho wa mstari.