Kuku wa Kuazima

Kuku alikuwa amefia juu ya mayai. Fundi alimgusa mgongoni akidhani amesinzia, na ile shingo tupu isiyo na manyoya ikalala upande. Akaingiza mkono chini ya tumbo. Mayai yalikuwa bado na joto.

"Mama yangu wee!" alisema, na hakuwa akishangaa tu. Alikuwa akimwita mama yake kweli.

Maana kuku alikuwa wa mama. Miaka thelathini na miwili iliyopita, Fundi alipoolewa, mama yake alimkabidhi kishingo mmoja, kuku wa shingo tupu, ndani ya kikapu, akamwambia, "Cherehani itakulisha, huyu atakuchangamsha." Tangu hapo ni kishingo kuzaa kishingo, mpaka akabaki bibi kizee huyu mmoja. Mama mwenyewe alikwisha kwenda zake. Kilichobaki cha kwake chenye uhai ni haya mayai kumi na moja, yaliyokwisha kuatamiwa siku kumi na mbili. Yakipoa, basi tena.

Aliyapanga kwenye kikapu cha vitambaa, akayafunika kwa kipande cha blanketi, halafu akasimama kama aliyesahau anakokwenda. Mtaa mzima ulikuwa na kuku mmoja tu mwenye hamu ya kuatamia, na alikuwa akilalamika saa ile ile upande wa pili wa ukuta. Kuku wa Nesi.

Na Nesi, jamani, huu ulikuwa mwaka wa tatu hawasemezani.

Kisa jogoo. Fundi alikuwa na jogoo kishingo, fidhuli kupindukia, aliyezoea kufukua miche ya nyanya ya Nesi. Nesi alionya mara ya kwanza, akaonya mara ya pili. Mara ya tatu hakuonya, alibandika sufuria. Harufu ilimkuta Fundi kwenye cherehani, na akajua anayepikwa ni nani.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alibeba kikapu, akatoka.

"Hodi."

Nesi alikuwa amechuchumaa uani, kamshika kuku wake mwekundu, kamzamisha tumbo kwenye beseni la maji. Ndivyo wanavyofanya wanaotaka kuku aache kuatamia arudie kutaga: tumbo lipoe, hamu imwishe.

"Karibu," alisema bila kugeuka. Alipogeuka, macho yakamtoka. "Makubwa! Leo jua limechomoza upande gani?"

"Mtoe huyo kuku majini, nakuomba."

"Kuku wangu, beseni langu, maji yangu. Wewe yanakuwashia nini?"

"Wangu amefia juu ya mayai." Akamwonyesha kikapu. "Wa mama."

Nesi alimtoa kuku majini papo hapo. Alimjua huyo mama. Nesi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimchoma sindano kila asubuhi miezi yake ya mwisho, bila kuitwa mara mbili.

"Yana siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Amekufa saa ngapi?"

"Sijui. Asubuhi alikula."

Nesi alichukua yai moja, akaligusisha kwenye kope za jicho lake, akatulia. Fundi alishtuka. Hajaona mtu akipima joto la yai namna ile tangu mama yake afariki.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Nani mwingine? Mama yako." Nesi alishusha yai. "Hayajapoa. Lakini huyu kalowa chapachapa, ukimweka sasa hivi atayapoza mwenyewe. Tugawane. Matano mimi, sita wewe."

"Tuyaweke wapi?"

"Kwani mtoto anayelia anawekwa wapi?"

Basi wakakaa kwenye kizingiti, watu wazima wawili wenye wajukuu, mayai vifuani, kuku mwekundu katikati yao juani, wakimfuta tumbo kwa kipande cha blanketi. Kuinama hawawezi, kuhema kwa nguvu hawathubutu.

"Usicheke," Nesi alisema. "Utaniulia wagonjwa."

"Sicheki."

"Unacheka, nakuona."

Fundi alikuwa akicheka kweli, na machozi yalikuwa yakimtoka. Alimkumbuka mama yake akitandika majivu na nyasi kavu, akipanga mayai, halafu akimwachia yeye, mtoto wa miaka sita, aweke la mwisho. Alikuwa akiliweka kwa mikono miwili, pumzi kaibana. Hapajatokea tena kazi aliyoaminiwa nayo namna ile.

"Yule jogoo," Nesi alisema ghafla, akimfuta kuku pale pale palipokwisha kukauka. "Kipande cha kwanza tu kilinikwama. Nikakumbuka ni wa nani. Sufuria nzima niliimwaga."

"Ungekuja kuniambia."

"Ungenifungulia mlango?"

Fundi alisogeza yai moja kifuani. Asingefungua, na wote wawili walijua.

Kuku alipokauka walimpeleka stoo, wakaziba dirisha kwa kitambaa cheusi cha bitana, maana kuku wa kuatamia hutulia gizani. Walitoa mayai vifuani moja moja, wakayapanga kwenye kiota cha majani makavu. Nesi akamwachia kuku.

Kuku alisimama. Akakung'uta manyoya. Akadonoa jani, akatembea hadi mlangoni, akasimama hapo akiwapa mgongo.

"Nimemtia majini siku tatu mfululizo," Nesi alinong'ona. "Fundi, kama nimemwua hamu..."

"Nyamaza."

"Kama nimemwua hamu, utanisamehe?"

Fundi alimtafuta mkono gizani, akaushika. Ulikuwa bado na baridi ya beseni.

Kuku aligeuka. Alikuja hatua moja, akainamisha kichwa, akayatazama mayai kwa jicho hili, kisha kwa jicho lile. Akaingiza mguu mmoja kiotani. Walisubiri. Akaingiza wa pili, akajitanua, akashuka polepole akiyumbayumba, na mayai yakapotea chini yake, yote isipokuwa moja lililobaki nje, jeupe, pembeni.

Mkono wa Fundi ulitaka kwenda. Nesi akaubana.

"Mwache."

Kuku alinyoosha shingo, akapitisha mdomo nyuma ya lile yai, akaanza kulivuta.