Ndoo Juu ya Dari

Nimefagia ukumbi wa michezo wa shule ya Tipley kwa miaka ishirini na sita, na nimeokota kila kitu kwenye sakafu ile: meno ya bandia, pete ya uchumba, siku moja hata kuku mzima. Lakini kilichonitia kinyaa kuliko vyote nilikitengeneza mwenyewe, kwa dekio na nta.

Kodi ya shule ilikuwa inarudi kwenye kura kwa mara ya nne. Kwetu Ohio, shule ya kijiji hulishwa na kodi ya nyumba na mashamba ya watu wa hapo hapo, na hao hao ndio huulizwa kama wako tayari kuilipa. Mara tatu walikataa. Bodi ikatangaza kwamba wakikataa tena, shule inafungwa mwezi wa sita na watoto wanapelekwa Marden, maili kumi na saba, kwa watu tuliozomeana nao uwanjani tangu babu yangu akiwa na nywele. Mimi ningekwenda wapi? Marden wana mashine inayodeki yenyewe.

Sasa, kura hupigwa ndani ya ukumbi huo huo, na ukumbi unavuja. Mvua ikinyesha naweka ndoo saba, na watoto wamezoea kucheza mpira wakizikwepa.

Siku mbili kabla ya kura, Rhonda Treece, mkuu wetu wa elimu, mama anayepiga pasi hata soksi, aliniita ofisini. Alisema mvua inakuja na hataki ndoo zionekane. Nikamuuliza, kwani wanaokuja ni wageni? Si ndio hao hao wanaotunyima, acha wazirukeruke. Akanieleza habari za sheria, kwamba karibu na sanduku la kura ni marufuku kupigia debe upande wowote, na mtu mkorofi anaweza kusema ndoo ni kampeni. Halafu akaacha sheria, akasema la moyoni.

“Wendell, sitaki waseme tunaishi kama nguruwe.”

Hapo alinipata. Mama yangu alikuwa vivyo hivyo: nyumba ingeshika moto, angetandika kitanda kwanza. Tipley nzima tuko hivyo. Basi nikapanda ngazi, nikasukuma vibao vya dari, nikazipanga ndoo zote saba huko juu kwenye mbao za kenchi. Halafu nikashuka nikaipaka sakafu nta mara tatu, mpaka ukiinama unajiona kwamba hujanyoa.

Siku ya kura mvua ilianza alfajiri. Saa mbili asubuhi akaingia Galen Yoakum. Tulisoma naye darasa moja. Analima soya, na mdomo wake ndio gazeti la kijiji. Alisimama mlangoni, akapangusa buti zake, akazitazama, akazipangusa tena.

“Bwana Wendell,” akasema, “hii sakafu au kioo cha kinyozi? Nami nilikuja nikijua shule iko hoi.”

Nikafungua mdomo. Opal Dunfee, msimamizi wa kura, alikohoa, akanyoosha kalamu yake kuelekea nje, kwenye vibendera viwili vilivyochomekwa kwenye nyasi futi mia kutoka mlangoni. Ndani ya vibendera hivyo, neno moja la kuitetea kodi ni kosa. Nikaufunga.

Juu yetu tone likaanguka ndani ya ndoo. Galen akainua macho.

“Una panya huko.”

“Wakubwa,” nikamjibu.

Na nilicheka. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo. Mtu mzima, shule inakufa juu ya kichwa changu, nami natabasamu kwa sababu nimesifiwa sakafu. Galen akapiga kura yake, akaenda zake mkahawani kula keki ya tufaha.

Waliotaka kodi: mia nne na mmoja. Wasiotaka: mia nne na wanne. Rhonda alisoma matokeo kwenye simu, kisha akaniuliza kama meza zilikwisha kurudishwa stoo.

Kesho yake asubuhi Galen akaja na karatasi mkononi. Yeye ndiye mwenyekiti wa karamu ya waliosoma Tipley, inayofanyika humo ukumbini kila mwaka, na alitaka kunisihi sakafu ibaki vile vile mpaka siku hiyo, maana inaweza kuwa karamu ya mwisho. Alionekana kuhuzunika kweli. Akasema jana alitoka nyumbani akiwa ameamua kuikubali kodi safari hii.

“Halafu nikaona sakafu ile. Nikasema, hawa wana hela, wananichezea. Nikawaambia na mke wangu Doris na kaka yake pale mkahawani, kabla hawajaja kupiga.”

Nilileta ngazi, nikasukuma kibao, nikateremsha ndoo moja. Ilijaa pomoni, maji rangi ya chai iliyolala, nondo wawili wakielea. Nikamkabidhi mikononi.

“Panya wako huyo.”

Aliitazama muda mrefu. Akatazama dari, kibao kwa kibao.

“Mbona hukusema, ndugu yangu?”

“Uliniuliza ndani ya vibendera.”

Nikamwona anahesabu: yeye, Doris, shemeji. Galen si mwepesi wa hesabu, lakini watatu si wengi.

“Basi tupige tena.”

“Hakuna tena, Galen.”

Akabaki amesimama katikati ya ukumbi, ndoo kifuani, akigeuka huku na huku kutafuta pa kuitua asiilowanishe sakafu. Tone moja likamponyoka likaanguka kwenye nta. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari nimeshika dekio.