Jina la Sehemu ya Pili

Nyangau aliibeba kompyuta mgongoni kama mtoto mgonjwa, ameifunga kwa leso ya marehemu mkewe, akaingia nayo dukani kwa Indravadan mjini Kisii. Ilikuwa Ijumaa, saa sita mchana, mwaka wa tisini na saba.

“Nyangau!” mzee Indravadan alimwita kutoka nyuma ya majora ya vitambaa. “Leo umeleta biashara ama umeleta maandamano? Sema mapema nifunge mlango.”

“Leo nimeleta mgonjwa, mzee. Dada Kavita yuko?”

Kavita, binti wa mwenye duka, alikuwa na meza yake ya kompyuta kule nyuma. Alilifungua lile fundo la leso taratibu, akaunganisha sanduku na skrini yake, akawasha. Ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza, basi.

“Umeifanya nini hii mashine?”

“Nilifukuza majasusi.”

Kavita alicheka mpaka akashika meza. Nyangau hakucheka. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kitabu mkononi, kama alivyojifunza kila kitu tangu shule imshinde kwa kukosa karo. Wiki ile alikuwa amesoma juu ya amri inayoonyesha faili zilizofichwa. Akaijaribu, na kweli, zikatokea faili ambazo hakuziweka yeye, zimejibanza kimya. Sasa mtu aliyewahi kutolewa kitandani na watu wasiovaa sare, akafungwa miezi kumi na moja kwa sababu ya karatasi alizogawa, zilizouliza ni nani waliochoma nyumba za watu kule mpakani mwa wilaya mwaka wa tisini na mbili, ukimwambia kuna kitu kimejificha nyumbani kwake bila ruhusa yake, unategemea afanye nini? Alizifuta zote. Kumbe ndizo zilizokuwa zinaiamsha mashine.

“Mfumo umekufa kabisa,” Kavita alisema. “Nitaweka mpya.”

Umekufa. Nyangau alilisikia hilo neno, mengine yakampita. Alitaka kuuliza, akaacha, kwa maana angeuliza ingebidi aeleze, na jambo hilo hakuwahi kumweleza mtu.

Gesare, mke wake, alikuwa mpiga chapa. Kompyuta hiyo kuukuu waliinunua pamoja, kwa vile nguzo za umeme zilipita kwao Sironga zikielekea shuleni. Nyangau alipofungwa, barua zilisomwa na askari kabla hazijamfikia, na Gesare hakutaka askari wasome yake. Basi kila Ijumaa, akishamaliza kupika chakula cha Sabato, alikaa akamwandikia mumewe humo ndani ya mashine, akitegemea kwamba siku moja atakuja azisome mwenyewe. Aliandika barua arobaini na moja. Kisha nimonia ikamchukua, wiki saba kabla mumewe hajaachiliwa. Waliomfunga Nyangau hawakumpa hata siku moja ya kuja kumwaga udongo kaburini. Hilo hajalisahau, na msimwambie asahau.

Nusu mwaka hakuthubutu kuiwasha. Alipothubutu alijiwekea sheria: barua moja, kila Ijumaa, kabla jua halijazama. Alikuwa amesoma ishirini na mbili. Sasa zile kumi na tisa alizojiwekea akiba ndizo zilizomchoma. Angezisoma zote siku ya kwanza, angalau angekuwa nazo kichwani.

Kavita aliingiza flopi, diski ndogo ya kuwashia. “Huu mfumo mpya unataka diski yote, na yako imegawanywa sehemu mbili. Naondoa sehemu ya pili, halafu ya kwanza, nafanya moja kubwa. Sawa?”

“Fanya tu,” Nyangau alisema, macho yake dirishani. “Kwani kumebaki nini?”

Vidole vya Kavita vikabonyeza, vikabonyeza, vikasimama.

“Inauliza jina.”

“Jina la nani?”

“La hiyo sehemu. Haikubali kuifuta mpaka uandike jina lake kwanza, herufi kwa herufi. Ni wewe uliipa hili?”

Nyangau aligeuka. Yeye barua alizoea kuzifungulia kwenye programu ya kuandikia. Hakuwahi kujua kwamba hicho chumba cha barua kina jina. Kwenye skrini, kwa herufi kubwa: MLANGO WAZI.

Mama yake Nyangau, Persis, alimsimulia alipotoka kifungoni. Miezi yote ile Gesare hakufunga komeo la mlango usiku. Persis alimgombeza, “Wewe utaibiwa!” Naye akajibu, “Wakimwachilia usiku, mama, abishe hodi kwake mwenyewe?”

“Andika wewe basi,” Kavita alisema, akimsukumia kibodi.

Nyangau aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Kidole kikakaa pale pale.

“Dada, toa hiyo flopi.”

“Lakini mfumo mpya hauta…”

“Toa! Humo mlikuwa na barua za mama watoto wangu ambaye hakujaliwa kupata watoto. Jina siliandiki. Mashine ife na jina lake.”

Kavita alimtazama, kisha akatazama ile leso mezani. “Mlikuwa? Bwana Nyangau, si ungesema! Wewe ulifuta vitu vya sehemu ya kwanza. Huku kwa pili hakuna mtu amegusa. Ngoja.”

Akatoka katika ile programu, akaandika amri nyingine. Orodha ikashuka: barua ya kwanza, ya pili, mpaka arobaini na moja. Akazinakili zote kwenye flopi mbili, kisha akaurudisha mfumo ule ule wa zamani pale ulipokuwa.

“Nikuchapishie? Printa itamaliza kabla hujanywa chai.”

“Hapana.”

“Hutaki kuzisoma zote leo?”

“Nikizisoma leo, dada, kesho atakuwa amekufa.”

Mzee Indravadan, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, akaja kumsaidia kuifunga mashine mgongoni kwa ile leso.

Jua lilikuwa bado juu ya migomba Nyangau alipofika Sironga. Akaiwasha mashine, akafungua barua ya ishirini na tatu.

*Upepo umelaza migomba miwili ya karibu na choo. Jirani yetu Ogari ameomba majani ya kulisha ng’ombe, nimempa. Ubao wa dirisha uligonga jana, nikainuka nikidhani ni wewe. Chakula cha kesho kimeiva. Nimekupakulia tena bila kufikiri.*

Alisoma mara tatu, akaizima kabla jua halijazama. Usiku akapita mlangoni kwenda kulala, bila kuufunga. Komeo lilining’inia pale pale, limeota kutu ya miaka miwili.