Farasi wa Mir Sibtain

Anjuman aliweka kalamu chini. Tangu macho ya baba yake yaanze kuingia ukungu, yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia kila anachotunga, na kufikia asubuhi hiyo alikuwa ameshaandika shingo ya farasi, kwato zake, manyoya yake yanavyopepea, hata jasho lake. Kijana Ali Akbar, shahidi wa Karbala ambaye utenzi wenyewe ulimhusu, alikuwa bado hajauawa.

"Baba, huyu farasi atakufa kwa uzee kabla hajafika vitani."

"Andika mkia," alisema Mir Sibtain.

Muharram, mwezi wa maombolezo, ilikuwa imeingia na mji mzima wa Lucknow ulikuwa umevaa nyeusi. Siku ya tisa, Mir Sibtain angepanda mimbari ya bwana mkubwa wa mji, Nawab Mujtaba, kughani maombolezo mapya ya waliouawa vitani Karbala, kama walivyofanya baba yake na babu yake. Lakini Nawab alikuwa ameleta ujumbe. Miaka miwili mfululizo, alisema, mzee amesifu farasi na upanga mpaka muda ukaisha, na watu wakatoka majlisini macho makavu, kama waliotoka mnadani. Ikitokea tena, mimbari atapewa kijana Zamin, ambaye sauti yake hukatika kwa kilio wakati wowote anaotaka.

Anjuman aliijua sababu. Miaka miwili iliyopita homa ya matumbo ilimchukua kaka yake, Wasi, kijana ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota. Baba alimzika bila kutoa chozi, na tangu hapo hakuna kijana aliyekufa katika beti zake. Anjuman alimwonea huruma, ila huruma nayo huchoka. Mzee akinyang'anywa mimbari atakaa nyumbani akimghania yeye peke yake mpaka kiama.

Basi siku ya tisa, baba akitawadha, Anjuman alichomoa kurasa za farasi akazificha ndani ya shela. Mahali pake akaweka beti za kifo ambazo mzee alizitunga zamani, Wasi akiwa hai.

Majlisini, nyuma ya pazia la wanawake, alimsikia baba akighani vizuri. Wanaume walimshangilia na kumtaka arudie. Katika beti zake, kijana alimuaga mama yake, akatoka hemani. Mir Sibtain akafunua ukurasa, akausogeza karibu na macho, kisha karibu zaidi.

"Kasahau miwani huyu au kasahau dini?" alinong'ona shangazi Qaisar kando yake.

Mzee aliikunja karatasi akaikalia. Kisha akaanza kughani, kwa kumbukumbu, shingo ya farasi.

Anjuman alitamani ardhi immeze. Zikaja kwato, yakaja manyoya, ukaja mkia. Kupitia tundu la pazia alimwona Nawab akitazama saa, na Zamin, mstari wa mbele, akisafisha koo.

Ndipo Mir Sibtain akamgeuza farasi.

Beti hizo Anjuman hakuwahi kuziandika. Farasi alirudi mahemani polepole, tandiko tupu, akainamisha kichwa kumngoja yule aliyezoea kumvua hatamu. Hakuja mtu. Akaenda akasimama mbele ya mama wa kijana.

"Mama, nipokee hatamu," alighani mzee, "mimi sijui tandiko hili nimpe nani."

Alitoa leso, ile aliyoibeba kavu miaka miwili, akafunika uso. Ukumbi mzima ulilipuka kwa kilio, na shangazi Qaisar akajipiga kifua huku akimng'ang'ania Anjuman begani.

Jioni, wakila mikate mitamu waliyogawiwa majlisini, mzee alikuwa bado amevimba macho, na amekasirika.

"Kurasa zangu ziko wapi?"

Anjuman alizitoa kwenye shela, zimekunjamana. Mzee alizinyoosha gotini moja moja.

"Mwizi wewe. Mkia nimeukosea beti mbili kwa sababu yako."

"Hakuna aliyeusikiliza mkia, baba."

"Wasi angeusikiliza," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo tangu mazishi. Akamsogezea wino. "Haya, andika. Tuanze pale farasi aliporudi."