Barza Haikaliwi Bila Shida

Barza ya Mzee Suud, kile kibaraza cha mawe mbele ya nyumba, ilikuwa barza tangu enzi za babu yake, na hakuna aliyewahi kumwambia ainuke. Lakini mwaka wa korona ulikuja na vituko vyake. Ofisi ya sheha ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, watu wakiingia humo hubanana kama tende kikapuni. Amri ikashuka kwamba huduma zote za shehia zitolewe nje penye upepo, na watu wakae mbalimbali. Bi Nadhira, sheha wa mtaa, akautazama uchochoro mzima wa Mji Mkongwe, akaona pahala pamoja tu penye barza ndefu na kivuli cha asubuhi. Akaenda kupiga hodi.

"Shikamoo, Mzee Suud. Nimekuja kukuomba barza."

"Marahaba, mwanangu. Barza haiombwi, hukaliwa tu. Karibu."

Masikini, alidhani mtoto wa watu anataka kupumzika. Asubuhi ya pili wakaja vijana na kopo la rangi nyeupe, wakachora maduara juu ya barza, hili huku na jengine kule, wakaweka ndoo ya bomba na kipande cha sabuni. Bi Nadhira akatangaza sharti: barza haikaliwi ila na mwenye shida, na akishahudumiwa aondoke. Kahawa, porojo na mchezo wa dhumna basi, mpaka maradhi yatakapoondoka.

"Na mwenye nyumba je?" akauliza Mzee Suud.

"Mwenye nyumba ana nyumba yake, mzee wangu."

Hapo ndipo alipomuumiza, na wala hakukusudia. Nyumba ile, tangu mkewe afariki, ilikuwa na saa ya ukutani na birika la chai, basi. Watoto wote wako Maskati. Mchana kutwa alikuwa akiumaliza barzani, anapiga dhumna na Haitham, jirani yake wa miaka mingi, na ndani akiingia kulala tu. Siku ya kwanza ya kufungiwa ndani aliisikiliza ile saa mpaka adhuhuri, kisha akalia, na asiyejua upweke ndiye atakayemcheka.

Lakini Mzee Suud alikuwa fundi wa kanzu maisha yake yote, na fundi nguo ikimbana huangalia wapi pa kuachia. Sharti linataka mwenye shida? Basi yeye atakuwa na shida.

Akaanza na kitambulisho kilichopotea, nacho kilikuwa mfukoni mwake. Kisha akataka kujua kama mtu wa Matemwe aliyehamia mjini siku nyingi anaweza kurejeshwa kwao kwa nguvu. Haitham alipoona mwenzake kapata duara, naye akaja na yake: analalamikia jogoo wa Mzee Suud, anamkosesha usingizi. Mzee Suud akakataa katakata. Jogoo yule, akasema, ni wa Haitham mwenyewe. Basi ikawa kesi, na kesi husikilizwa, huahirishwa, ikasikilizwa tena. Wakati wa kusubiri, kete za dhumna zilipangwa kwenye duara tupu katikati yao, na kila mmoja akizisukuma kwa bakora yake ili asimkaribie mwenzake. Jogoo mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona.

Bi Nadhira aliyaona yote hayo, akicheka ndani ya barakoa yake. Nusu ya moyo wake ilimhurumia.

Tatizo la barza ile lilikuwa jengine. Zamani mtu humwinamia sheha akamnong'oneza, ikaisha kwa stara. Sasa kusogeleana hakuna, na mdomo umefunikwa, kwa hiyo kila shida ilibidi isemwe kwa sauti kutoka duarani. Uchochoro mzima ukajua nani hoteli ya Nungwi imemrudisha nyumbani, na nani kagombana na wakwe. Ng'ambo ya njia, mlangoni pake, alikaa Bi Mwatum, mjane, na cherehani yake, anashona barakoa za vipande vya kanga. Halimpiti jambo yule.

"Mzee Suud," husema bila kuinua kichwa, "jogoo wako leo kaleta wakili?"

Mzee Suud hujifanya hakusikia, kisha akakosea kete.

Mambo yakafika mwisho siku Bi Nadhira aliposimama na karatasi zake. "Kesi ya jogoo nishaikata. Jogoo achinjwe, mgawane. Mleteni."

Hao wawili wakatazamana.

"Enhe. Sasa nisikilizeni. Wakubwa wa wilaya wanakuja kukagua. Wakikuta kikao hapa, barza inafungwa, na watu wangu watatakiwa wafuate huduma Michenzani, wazee na wenye watoto mgongoni. Mzee Suud, nakuheshimu kama baba yangu. Una shida ya kweli, au huna? Kama huna, kesho usikae hapa."

Mzee Suud akaiona ile saa ya ukutani inamngojea ndani. Na ulimi hauna mfupa.

"Nnayo," akasema. "Nnataka barua ya kuoa."

Cherehani ya ng'ambo ikanyamaza. Haitham akaangusha kete.

"Vyema," akasema Bi Nadhira, akaifungua kalamu. "Unamuoa nani?"

Mwongo njia yake fupi, na ya Mzee Suud ilikomea hapo. Mwanamke wa watu hatajwi barzani kabla hajaposwa, ni kumvunjia heshima mbele ya kadamnasi. Na bila jina, barua haiandikwi.

"Nije nikunong'oneze?"

"Kusogea marufuku. Sema hapo hapo ulipo."

"Basi kesho, inshallah."

Mpaka alasiri mtaa ulikuwa ushamwozesha mara kadhaa. Haitham akaleta salamu kwamba kama ni dada yake anayetakiwa, urafiki umekwisha. Lakini macho ya wengi yalimwangukia Bi Mwatum, maana watu si vipofu. Barza ile upande wa msikitini ndio wenye upepo mwanana, na Mzee Suud miaka yote hukaa upande wa joto, unaoelekea mlango wa mjane. Yeye mwenyewe alikuwa hajalisema hilo hata kwa nafsi yake.

Asubuhi akatoka na maneno yake tayari: atasema ilikuwa mzaha. Akamkuta Bi Mwatum ameshakaa duarani, buibui limepigwa pasi, barakoa ya kanga usoni.

"Sheha, nna shida," akasema Bi Mwatum.

"Sema, Bi Mwatum. Kwa sauti."

"Kuna mtu jana katangaza kuoa, jina hana. Nimekwenda kununua mkate, naulizwa harusi lini. Mimi mtu na heshima zangu. Muulize kwa ajili yangu: mwanamke huyo ni mimi, au si mimi? Kama si mimi, anisafishe hapa hapa, kwa sauti ile ile ya jana."

Mzee Suud akatafuta wa kumnong'oneza, akamwona Haitham tu, naye yuko mbali. Akisema si yeye, kaokoka. Ataingia ndani kwake, na yule mama hatomtania tena maisha. Akaivua kofia, akaivaa tena.

"Ni yeye," akasema.

"Barakoa inakuziba, mzee wangu."

"Nasema ni yeye. Tangu zamani. Nilikuwa sina pa kusemea."

Bi Mwatum akaiweka sawa barakoa yake, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akamjibu sheha, si Mzee Suud.

"Mwambie aende kwa kaka yangu akapose kama watu. Na jogoo wa karamu nnamtaka wa kweli."

Bi Nadhira akaandika, akapiga muhuri, akaiacha barua pembeni ya barza na kurudi nyuma. "Mzee Suud, umeshahudumiwa. Inuka duarani, kuna mtu anasubiri."

"Niende wapi, na barza ni yangu?"

"Kanunue jogoo," akasema Bi Mwatum.

Mzee Suud akaichukua barua yake, akanawa mikono kwenye ndoo, akashika njia ya soko la Darajani. Haitham akamfuata kwa nyuma, mbali kidogo kama ilivyoamriwa, akimuuliza sasa yeye dhumna atapiga na nani.